Unasubiri Wapi?

Fundi huyu haulizi mteja ana shilingi ngapi, wala haulizi anataka kompyuta ya aina gani. Anakuvutia kiti cha plastiki, anasogeza kopo la skrubu kando, halafu anauliza: "Unasubiri wapi?"

Wengi hawalielewi swali hilo mara ya kwanza. Mimi pia sikulielewa miaka sita iliyopita, nilipopanda ngazi za jengo lake pale Kariakoo nikiwa nimechoshwa na mashine iliyokuwa ikinikesheza ofisini. Duka lake ni chumba kimoja juu ya wauza vitenge: meza ndefu, feni mbili za ukutani, maboksi yamepangwa hadi dari. Humo ndimo anamounda kompyuta za wachora majengo, wahariri wa filamu na watengeneza katuni za matangazo. Nilikwenda kama mteja. Siku hizi nikipata Jumamosi tupu nakwenda kukaa tu, nimtazame anavyochagua.

Nasema anavyochagua, maana kufunga kwenyewe hakuna makubwa. Mwenye mkono mtulivu na bisibisi moja ya nyota anaweza kuifunga kompyuta nzima kwa saa mbili. Ufundi ninaoufuata pale unafanyika kabla hata ya boksi moja kufunguliwa.

Novemba 2023 alifika dada mmoja, msanifu majengo, aliyefungua ofisi ndogo na wenzake wawili. Kwenye simu yake alikuwa na orodha aliyoinakili kwenye video fulani: prosesa ya viini 24, kadi ya grafiki ya bei ya juu kabisa, ramu vipande vinne, mfumo wa kupoza kwa maji, taa za rangi. Fundi aliisoma yote taratibu mpaka mwisho, akamrudishia simu yake.

"Orodha nzuri, dada. Kazi yenyewe umekuja nayo?"

Alikuwa nayo. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekuja na bajaji, imelazwa juu ya mto wa kulalia. Wakaiwasha. Faili lilikuwa la jengo la ghorofa nne huko Kigamboni, linatazama bahari, lina minazi, bustani, na magari barabarani. Mwenye jengo alitaka picha kumi na filamu ya dakika moja ya kutembea ndani.

Fundi akafungua dirisha linaloonyesha kila kiini cha prosesa kinafanya nini, akaliegemeza pembeni mwa skrini. "Fanya kazi kama uko ofisini kwako. Mimi usinijali." Dada akazungusha jengo, akakata ukuta, akahamisha dirisha, akalirudisha. Kila alipohamisha kitu, skrini iliganda kidogo. Na pale pembeni ndipo palipokuwa na habari: kati ya viini vinane, kimoja kilipanda hadi juu kabisa, mara hiki, mara kile, lakini kimoja tu kwa wakati. Vingine saba vilikuwa vimelala.

"Hapa unamsubiri mtu mmoja," fundi alisema. "Hata ukimletea wenzake ishirini, watasimama kumtazama."

Kuchora kwa kompyuta kuna sehemu kubwa ya foleni. Programu haiwezi kujua dirisha limekaa wapi kabla ya kujua ukuta umekaa wapi, wala haiwezi kujua kizingiti kabla ya dirisha. Hatua inangoja hatua. Gene Amdahl, mhandisi wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1967, na hesabu inayobeba jina lake haina huruma: ikiwa asilimia 5 tu ya kazi haigawanyiki, hata uweke viini milioni moja, kazi haitavuka mara 20 ya mwendo wa kiini kimoja. Kwa hiyo mchoraji, saa zote za mchana anazokuwa kitini, anataka viini vichache vyenye mbio. Vingi vya vile 24 vya kwenye orodha vingekula mshahara wa bure.

Kisha fundi akamwambia abonyeze kurenda, yaani kuigeuza ile mistari na kuta kuwa picha yenye mwanga na kivuli kama iliyopigwa na kamera. Hapo mambo yanageuka kabisa. Picha ya upana wa pikseli 3840 na kimo cha 2160 ina pikseli zaidi ya milioni nane, na kila moja inaweza kuhesabiwa bila kumuuliza jirani yake. Kazi ya namna hiyo inataka umati, na umati unakaa ndani ya kadi ya grafiki, yenye viini vidogo kwa maelfu.

Napenda kukumbuka hesabu hii imetoka wapi. Mwaka 1980 Turner Whitted alichapisha njia ya kufuata miale ya mwanga ikigonga kioo, ikapinda, ikarudi. Picha yake mashuhuri ya mipira miwili juu ya sakafu ya mirabaraba iliichukua mashine ya enzi zile dakika 74. Mwaka 1986 James Kajiya akaandika mlinganyo mmoja unaobeba mwanga wote wa chumba, na programu za kurenda zinazotumika Dar es Salaam leo bado zinautatua mlinganyo huo huo kwa kubahatisha: zinarusha miale mingi kila pikseli, zinatafuta wastani. Miale ikiwa michache, picha inajaa chenga kama televisheni isiyoshika stesheni. Na chenga ni bahili. Ukitaka zipungue nusu, lazima uongeze miale mara nne. Ukitaka zibaki robo, mara 16. Ndiyo maana mtu anaweza kununua kadi yenye nguvu maradufu na bado akaona picha yake haijatakata kama alivyotarajia.

Fremu moja ya dada huyu ilichukua dakika sita. Filamu ya dakika moja ina fremu 1,500 kwa mwendo wa 25 kila sekunde. Fundi aliziandika namba hizo kwenye kipande cha boksi: dakika 9,000, saa 150, siku sita na zaidi bila mashine kupumzika. Dada akakiangalia kile kipande cha boksi kwa muda. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipoliona jibu la swali lile la mwanzo.

Mwingine angeuza kadi pale pale. Huyu alihamishia faili kwenye mashine yake ya kupimia, iliyo na kadi ya zamani kidogo lakini yenye gigabaiti 24 za kumbukumbu, ambayo haiuzi kwa mtu yeyote. Akarenda fremu ile ile, jicho liko kwenye mstari mmoja tu: kumbukumbu ya kadi. Ulipanda hadi gigabaiti 13 na ushee. Kadi ya dada ilikuwa na 8. Kumbe zile dakika sita hazikuwa za kuhesabu mwanga peke yake. Jengo lilikuwa halienei ndani ya kadi, na kila kilichozidi kilikuwa kikienda na kurudi kutoka kwenye ramu kwa njia nyembamba, kama kuhamisha nyumba kwa baiskeli.

Sasa akaanza kupekua kilichojaza. Teksicha, zile picha zinazovalishwa sakafu na kuta, ndizo za kwanza. Picha moja ya pikseli 4096 kwa 4096, ikishafunguliwa ndani ya kadi, inakula megabaiti 64, hata kama kwenye diski ilionekana ndogo. Mia moja zinavuka gigabaiti sita. Fundi akakuta chungu cha maua kimevalishwa teksicha ya ukubwa huo. "Dada, hiki kiko umbali gani kutoka kwenye kamera?" Mita arobaini. Kwenye picha chote kilikuwa na ukubwa wa ukucha. Akapunguza hicho na vingine vya namna hiyo, kimoja kimoja, akimwonyesha kabla na baada, na jicho halikuweza kutofautisha.

Ikabaki minazi. Ilikuwa 180, na kila mmoja ulikuwa umenakiliwa mzima, na makuti yake yote, kana kwamba hakuna mnazi mwingine duniani unaofanana nao. Fundi akahifadhi mnazi mmoja na kuupanda mara 180, huku umegeuzwa, kule umerefushwa kidogo. Ndani ya kadi ukabaki mnazi mmoja na orodha ya mahali pa kuusimamisha. Akarenda tena. Gigabaiti 9.

"Haya," akasema, na kwa mara ya kwanza akavuta kalamu ya bei. "Sasa tuongee habari ya kadi."

Nimeona watu wakijisifia kadi walizouza. Sijaona mwingine anayempunguzia mteja mahitaji kabla ya kumuuzia. Na si wema mtupu, kwa sababu kule kupunguza ndiko kulikobadilisha chaguo lenyewe. Mezani zilikuwa mbili, zote za NVIDIA, zote za 2023. RTX 4060 Ti ya gigabaiti 16, ina nafasi, lakini njia yake ya kwenda kwenye kumbukumbu ni finyu, gigabaiti 288 kwa sekunde, na viini 4,352. RTX 4070 ya gigabaiti 12, ndogo kwa nafasi, lakini inapitisha gigabaiti 504 kwa sekunde na ina viini 5,888. Zilipoingia sokoni zilipishana dola mia moja. Kwa faili lile la asubuhi, la gigabaiti 13, ile yenye mbio ingekuwa hasara tupu. Kwa faili la mchana, gigabaiti 9 na moja hivi ya skrini na programu nyingine, ilitosha na kubaki kiasi.

Mimi ningechukua yenye nafasi. Ninaogopa kujaa kuliko ninavyoogopa kuchelewa, na siku moja mradi wa hoteli unaweza kuja. Nilimwambia hivyo. Alifikiri kwa kweli, hakunijibu harakaharaka. Akamuuliza dada ofisi yao hufanya kazi gani mara nyingi. Nyumba za kuishi, maghorofa mafupi, ukumbi mmoja wa kanisa. "Basi achukue yenye mbio," akasema. "Huyu ameshajua kupanda minazi."

Prosesa ilifuata bila mjadala mrefu, kwa kuwa jibu lilikuwa limeshaonekana kwenye lile dirisha la pembeni: Ryzen 7 7700 ya AMD, viini vinane, kiini kikikimbia peke yake kinafika gigahezi 5.3, na haina joto jingi. Fedha iliyookolewa hapo ndiyo iliyolipia kadi. Kwenye ramu alisimama tena kidogo. Orodha ya simuni ilitaka vipande vinne vya gigabaiti 16, kwa kuwa vinajaza mazabodi na vinapendeza. Yeye akachukua viwili vya 32. Jumla ni ile ile 64, ila prosesa za kizazi hiki, kwa vipimo vya AMD wenyewe, zinaiendesha ramu ya DDR5 kwa 5200 ikiwa vipande viwili, na zinaweza kushuka hadi 3600 vikiwa vinne. Nafasi mbili tupu zinaonekana kama upungufu kwa mnunuzi. Kwake ndizo mwendo. Diski zilichukua sentensi moja: NVMe moja ya mfumo, nyingine ya kazi, zisichanganywe.

Si kila anayepanda ngazi zile huondoka na kitu kipya, na hapo nampenda zaidi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi alikuja wiki ile ile na fedha kidogo sana. Fundi akamtolea HP Z440 iliyotumika Ulaya, chuma kizito, kifuniko kinafunguka bila bisibisi, prosesa ya Xeon ya 2016, ramu inayojisahihisha makosa yake yenyewe. "Mdogo wangu, hii ilijengwa ifanye kazi usiku na mchana, na bado inataka kazi." Lakini akamwambia na ubaya wake palepale: plagi za powasaplai yake ni za kwake mwenyewe, ikifa huwezi kuchukua yoyote ya dukani, na kwenye kuchora itakuwa nzito kuliko mashine ndogo ya kisasa. Kijana alichukua, akijua anachochukua.

Turudi kwa dada. Powasaplai ndiyo sehemu ambayo wateja hutaka kupunguzia bei, na ndipo fundi huyu haguswi. Prosesa inaweza kufika wati 88, kadi 200, vilivyobaki tuseme 60. Jumla karibu 350. Akaweka ya wati 750 yenye alama ya dhahabu. Kadi za siku hizi hushtua: kwa kitambo kisichofika sekunde zinaweza kudai umeme mwingi kuliko ule ulioandikwa, na powasaplai dhaifu huzima mashine nzima. Tena powasaplai nzuri huwa na ufanisi wake bora karibu na nusu ya uwezo. Aliipokea kwenye boksi kwa mikono miwili, akaipima uzito kama mtu anayenunua tikiti maji. Zile za ovyo, anasema, utazijua kwa wepesi. Shaba haijawahi kuwa nyepesi.

Plagi ya kadi hii ilikuwa ile mpya ya pini 16. Oktoba 2022 plagi za aina hiyo zilianza kuyeyuka kwenye kadi kubwa za RTX 4090, na uchunguzi ulionyesha kwamba sababu moja kubwa ilikuwa plagi kutosukumwa hadi mwisho. Kadi ya dada inakula chini ya nusu ya ile. Hata hivyo nilimtazama. Aliisukuma kwa kidole gumba, taratibu, mpaka ikalia tik. Akaivuta kidogo kuona kama itatoka. Akainama na tochi ya simu kutafuta upenyo kati ya plagi na tundu, kushoto kisha kulia. Waya akauacha unyooke sentimita kama nne kabla ya kuupinda. Yote hayo dakika nzima, kwa kitu ambacho hakuna mtu atakayekiona tena kifuniko kikishafungwa.

Kupoza kwa maji alikukataa. Pampu ni kitu kinachokufa, na filamu inayorenda usiku wa Jumamosi haitaki pampu ife. Akafunga hitsinki ya bomba za shaba na feni pana. Hapa kwetu hesabu ya joto inaanzia juu: hitsinki inaweza tu kuishusha prosesa ikaribie joto la chumba. Ikiiacha nyuzi 48 juu ya chumba, basi kwenye chumba cha nyuzi 20 huko Ujerumani itasoma 68, na kwenye chumba cha nyuzi 32 cha Dar es Salaam itasoma 80, vifaa vile vile, mikono ile ile. Feni tatu akaziweka ziingize hewa kupitia vichujio, moja itoe. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, kesi inakuwa na msukumo wa ndani, na vumbi halipati njia kwenye nyufa. Linabaki kwenye vichujio, vinavyooshwa bombani.

Mwezi ule mgao wa umeme ulikuwa mkali, kwa hiyo UPS haikuwa na mjadala. Dada alikuwa nayo moja ya VA 650. Fundi akamweleza kwamba VA si wati, na ile haivuki wati 400. Mashine ikiwa kwenye moto mkali pamoja na skrini mbili ingeielemea. Akapendekeza ya 1500, kwa ajili ya dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa heshima. Kilichonifurahisha ni alichokifanya baadaye, kisichouzwa dukani. Alibadilisha mpangilio wa programu ili filamu isitoke kama faili moja la video, itoke fremu moja moja, kila moja picha kamili kwenye folda. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 900, kesho unaanzia 901. Kwa miaka mingi nilikuwa nikirenda video nzima kwa mkupuo mmoja, nikipoteza usiku mzima kwa kukatika kwa dakika moja.

Mashine ilikaa pale dukani hadi kesho yake, inarenda jengo la Kigamboni, prosesa nayo ikipewa mzigo wa makusudi ili joto lote lijitokeze pamoja. Nilirudi asubuhi. Maduka ya chini yalikuwa bado hayajafunguliwa, naye fundi ameketi na chai ya rangi, anatazama folda ikijaa. Fremu moja ilikuwa ikitoka kwa sekunde 70. Kwenye kile kipande cha boksi, chini ya zile saa 150, alikuwa ameshaandika 29, na kando yake makadirio ya umeme: yuniti 10.

Dada alipofika, shikamoo na habari za asubuhi, bajaji inangoja chini, fundi alikuwa bado ana jambo moja. Alichukua kalamu ya wino mzito na kuandika ndani ya kifuniko, mahali panapofichwa na chuma: tarehe, chumba 31, prosesa 78, kadi 69. Chini yake akapiga mstari na kuandika tarehe ya miezi sita mbele, akaacha nafasi tatu tupu za namba. Ndipo akakifunga.